Arosto ilishakwisha, mbona amerudia unga?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 27 na huu ni mwaka wa sita anatumia heroini. Ameshaacha mara nne. Mara ya mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tumfungie chumbani. Alikaa humo siku tisa, akatapika, akalia, akatoka mzima. Mwili ukarudi, akaanza kucheka na wanangu. Alikula kiapo mbele ya mama kwamba hagusi tena, na mimi nilimwamini kwa sababu nilimtazama machoni. Wiki ya sita akarudi kule kule. Mama anasema hana nia na wala hatupendi. Kama mateso ya kuacha yalishakwisha, ni nini kilichomrudisha? Na tukimpokea tena, si tutakuwa tunamdekeza?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana, na pole kwa mama.

Nianze na kile kiapo, maana naona ndicho kinachowauma zaidi. Nimetibu waraibu kwa miaka 15 na viapo vya namna hiyo nimevisikia vingi. Walio wengi hawadanganyi. Siku mdogo wako alipokula kile kiapo, kilikuwa kimetoka moyoni. Ulichokiona machoni mwake kilikuwepo. Shida ni kwamba kuacha ni kazi moja, na kukaa bila kurudia ni kazi nyingine kabisa, na nyinyi pamoja naye mlijiandaa kwa ile ya kwanza tu. Ile ya kwanza aliimaliza. Siku tisa ndani ya chumba kile si mchezo, na mtu asiye na nia hazimalizi.

Niieleze kwanza arosto, yaani mateso ya mwili mtu anapokosa unga, ingawa nyinyi mmeiona kwa macho yenu. Heroini hupunguza kasi ya mambo mengi mwilini: pumzi, utumbo, maumivu, hata hofu. Ubongo haukubali kupunguzwa kasi kila siku. Nao hujibu kwa kukanyaga mafuta. Baada ya miezi mingi mguu unakuwa umekanyaga mafuta muda wote, na unga ndio breki pekee. Sasa iondoe breki ghafla. Ndiyo maana dalili za arosto ni kinyume cha kila kitu ambacho unga hufanya: mboni za macho zinapanuka, pua na macho vinachuruzika, tumbo linafunguka, vinyweleo vinasimama, miguu inajirusha, usingizi haupatikani. Huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi ule ukali hupita ndani ya siku 10 hivi. Hesabu yenu ya siku tisa ilikuwa sawa.

Lakini usiipite haraka. Dozi moja ya heroini humshikilia mtu kwa saa chache tu, nne hadi sita. Kwa hiyo mraibu huamka kila asubuhi akiwa tayari mgonjwa. Akifika hapo hatafuti stimu tena. Anatafuta kuweza kuinuka kitandani. Wagonjwa wangu wana maneno yao: “Situmii nilewe, natumia niwe sawa.” Mtu anayesema hivyo ameshaizoea arosto kama mwingine anavyozoea njaa, na hofu yake peke yake inatosha kumshikilia kwa miaka.

Haya, mdogo wako aliivuka. Nini kilibaki?

Kilichobaki ni mafunzo. Ubongo wake ulikuwa umefundishwa jambo kwa miaka sita, na mafunzo hayatoki kwa kutapika. Watu wengi wamesikia habari za dopamini, na wengi huiita kemikali ya raha. Si hivyo hasa. Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, walichukua panya ambao dopamini yao ilikuwa imeondolewa karibu yote. Ukiwadondoshea kitu kitamu mdomoni, panya hao waliramba midomo kama kawaida. Raha walikuwa nayo. Ila hawakuweza kukifuata chakula kilichokuwa mbele yao, na bila kulishwa wangekufa njaa. Dopamini, basi, kazi yake kubwa ni kusema: hiki kifuate, hiki kikumbuke. Chakula huitoa kidogo, kisha ukishiba inatulia. Dawa za kulevya huitoa nyingi zaidi, kwa haraka zaidi, na hazina kushiba. Zikirudiwa mara maelfu, ubongo unakata kauli kwamba hakuna kitu duniani chenye umuhimu kama hiki, si chakula, si mama, si watoto wa dada.

Kutaka na kupenda, kwa hiyo, vinaachana njia. Raha ya unga hufifia mwaka hadi mwaka kwa sababu mwili umeuzoea, huku hamu ikizidi kukua. Kuna mgonjwa aliwahi kuniambia, “Daktari, naichukia hii kitu, naichukia kabisa, na bado naitaka.” Alikuwa akilia. Mtu wa nje akisikia hivyo huona ni unafiki. Mimi nilisikia maelezo sahihi ya ugonjwa wake kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu chochote kuuhusu.

Tena hamu hiyo haikai kichwani kama wazo ambalo unaweza kulifukuza. Imefungwa kwenye vitu. Nilikuwa na mgonjwa aliyekuwa na miezi minane bila kugusa unga, mtu mzima, anafanya kazi, amerudi kwa mkewe. Zamani alikuwa akiuvuta juu ya karatasi ya foili. Siku moja tumekaa tunazungumza habari za mtoto wake kuanza shule, muuguzi wa chumba cha pili akafungua chakula kilichofungwa kwa foili. Mlango ulikuwa wazi na ile sauti ikatufikia, kruu kruu. Yule bwana akanyamaza katikati ya sentensi. Akapiga mwayo, akapiga mwingine. Macho yakajaa machozi, jasho likamtoka juu ya mdomo. Miezi minane, na mwili ukaanza arosto kwa sababu ya sauti ya karatasi. Aliniangalia kama mtu aliyeguswa bega na asiyemwona.

Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1940, pale daktari Abraham Wikler, katika hospitali ya Lexington, jimboni Kentucky, Marekani, alipogundua kwamba wagonjwa waliokaa miezi bila dawa walianza kupiga miayo na kutoka machozi wakiwa wanazungumza tu habari za dawa katika kikundi. Mwili hujifunza kujiandaa. Ukiona kona uliyokuwa ukinunulia, rafiki mliyekuwa mkichangia naye, noti mkononi siku ya mshahara, hata saa fulani ya jioni, ubongo hukanyaga mafuta mapema kwa kutarajia ile breki. Breki isipokuja, ni arosto.

Sasa wiki ya sita. Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu, na si kosa lao, maana akili ya kawaida inasema kadiri siku zinavyopita ndivyo hamu inavyopungua. Katika majaribio ya panya, kwa kokeini na kwa heroini pia, imeonekana kwamba hamu inayoamshwa na vile vikumbusho hupanda kwanza kwa majuma kadhaa baada ya kuacha, ndipo baadaye sana ishuke. Watafiti huielezea kama kitu kinachokomaa, na kwa watu pia dalili zake zimeonekana kwa dawa kadhaa. Mambo yakienda hivyo, mdogo wako alitoka chumbani siku ya tisa akiwa katika siku zake nyepesi. Nyumba nzima ikapumua, ulinzi ukalegea, akaanza kwenda huku na kule peke yake, wakati huohuo hamu ndani yake ikikomaa kimyakimya. Na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Wengi huniambia walidhani wamerukwa na akili: “Nilikuwa nimeshapona, imetoka wapi hii?”

Ongeza na hali ya hewa ya ndani yake katika majuma hayo. Usingizi wa mtu aliyeacha unga huwa umevunjika kwa muda mrefu, anaamka saa nane usiku na anabaki hivyo hadi kuche. Vitu vya kawaida havina ladha. Muziki ni kelele, chakula ni chakula tu, mazungumzo yanachosha. Kwa watu walioacha methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya, picha za ubongo zimeonyesha kwamba baadhi ya sehemu za mfumo wa dopamini huchukua mwaka na zaidi kujijenga upya. Yaani mtu anaombwa asubiri raha ya maisha irudi, bila kuambiwa itarudi lini, akiwa anajua mahali pa kuipata kwa dakika kumi. Halafu sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kusema “subiri kwanza”, ndiyo hiyohiyo ambayo uraibu umeidhoofisha, na ndiyo inayochoka upesi mtu akikosa usingizi au akiwa na msongo. Unaona tatizo lilipo: nia tunayomdai inakaa kwenye kiungo kilekile kinachoumwa.

Kuna na jambo la muda, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Siku ya mraibu imejaa. Tangu saa 12 asubuhi ana kazi: apate pesa, amtafute muuzaji, akwepe askari, apate mahali pa kukaa, atumie, kisha aanze upya. Ni maisha mabaya, lakini ni maisha yenye ratiba, na yana watu wanaomjua kwa jina. Ukiuondoa unga unaacha shimo la saa 14 kila siku. Amekaa sebuleni, simu ya mkononi haina namba ya mtu hata mmoja asiyetumia, kazi hana, madeni anayo, na kila akiingia jikoni mtu anahamisha pochi. Hamjakosea kuihamisha. Ila aibu hiyo nayo ni kikumbusho, na unga ndio dawa ya aibu anayoijua. Kama alianza kutumia kwa sababu ya msiba au jambo alilofanyiwa utotoni, basi na hilo limemrudia sasa likiwa kavu, bila ganzi.

Nitakupa mfano unaonisaidia mimi mwenyewe ninapokata tamaa. Katika vita vya Vietnam wanajeshi wengi wa Marekani walitumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia walioondoka Vietnam Septemba 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefikia uraibu akiwa kule. Serikali iliogopa kwamba wangerudi nyumbani na janga. Lakini kati ya hao waliokuwa waraibu, ni kama asilimia 5 tu walirudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza, na kama asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Vikumbusho vyao vyote vilibaki ng'ambo ya bahari: joto lile, hofu ile, wenzao wale, muuzaji yule. Walirudi kwa wake, kazi na wazazi. Mdogo wako naye aliacha, kisha akafungua mlango wa chumba akatokea palepale alipokuwa amezamia. Sisemi kwamba kuhama ni tiba, maana wengi huhama na unga wakaukuta huko walikohamia. Nasema tu kwamba wanaume wale hawakuwa na nia kubwa kuliko yake.

Vilevile si kila anayeonja anafika alipofika yeye. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulikadiria kwamba kati ya watu waliowahi kutumia heroini, takriban robo waliishia kuwa waraibu. Kwa tumbaku ilikuwa karibu theluthi. Urithi wa damu unachangia kama nusu ya hatari hiyo, na umri wa kuanza una uzito, kwa sababu ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Yeye alianza na miaka 21. Hakuchagua damu yake, na miaka 21 ni mtoto.

Mama amesema hana nia. Mwambie hivi, kwa heshima: wanaorudia kutumia baada ya matibabu ya uraibu ni kati ya asilimia 40 na 60. Wagonjwa wa presha na wa pumu wanaozidiwa tena kwa sababu ya kuyumba katika matibabu yao ni wengi vivyo hivyo, hata zaidi. Mzee wa presha akila chumvi na kuacha vidonge, akazidiwa, hatumwambii hawapendi wanawe. Tunampeleka hospitali na kuangalia kama dozi inatosha. Kumfungia mtu chumbani siku tisa, dada, ni sawa na kumlaza mgonjwa wa presha siku tisa kisha kumruhusu bila kidonge hata kimoja. Mlifanya kwa upendo na kwa sababu hamkuwa na njia nyingine mliyoijua. Sasa naomba mjue iliyopo.

Kwa heroini, dawa zipo. Methadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na tiba ya methadoni ilianza New York miaka ya 1960 kwa kazi ya Vincent Dole na Marie Nyswander. Methadoni inanywewa mara moja kwa siku, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, inaingia polepole bila ule mripuko, na inazuia arosto. Mtu anaamka akiwa mzima, na siku yake inakuwa huru kwa kazi nyingine. Watu huniuliza kama si kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi huwajibu kwa kuwaonyesha ratiba ya mgonjwa kabla na baada. Na kuna hili: mtu aliye kwenye tiba hiyo, hatari yake ya kufa hupungua kwa nusu au zaidi. Wengine huinywa mwaka, wengine miaka kumi. Kumharakisha aache methadoni ili familia ijisikie amepona ni kosa ambalo nimeliona likigharimu maisha.

Kwa kokeini na methamfetamini hatuna dawa ya namna hiyo iliyothibitishwa. Huko kazi kubwa hufanywa na ushauri na mipango ya kumzawadia mtu kwa kila kipimo cha mkojo kinachotoka safi, na inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Pombe na vidonge vya usingizi vya kundi la valiamu ni habari nyingine: kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Kama anachanganya na hivyo, msithubutu kumfungia tena. Aende hospitali.

Sasa jambo ambalo lingeninyima usingizi mimi kama angekuwa mdogo wangu. Baada ya majuma bila unga, mwili husahau kuustahimili. Dozi aliyokuwa akiimudu zamani inaweza kumsimamisha pumzi. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, uliwaangalia watu waliotoka gerezani: katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine. Kila mara anapoacha bila tiba ya kuendelea, anatoka akiwa dhaifu zaidi mbele ya dozi ileile. Kwa hiyo ulizieni nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, ya sindano au ya kupuliza puani, ikae nyumbani. Ukimkuta midomo imegeuka rangi, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, anakoroma kwa kukwama au haamki, ita msaada, mpe nalokisoni, msaidie kupumua, na akianza kupumua mlaze ubavu. Usiondoke. Nalokisoni inaweza kuisha nguvu kabla ya heroini, akazama tena.

Kuhusu kumdekeza. Pesa mkononi msimpe, na deni la muuzaji msimlipie. Lakini mlango, sahani ya chakula, nauli ya kliniki mnayoilipa wenyewe, mtu wa kwenda naye siku ya kwanza, hayo si kudekeza. Mwekeeni masharti mnayoweza kuyasimamia, machache, na msimtishie na jambo ambalo hamtalifanya. Tena akirudia, asijue kwamba lazima afiche. Anayeficha hutumia peke yake, mlango umefungwa, na hapo hakuna wa kumpa nalokisoni.

Subiri saa ambayo ametulia, hana arosto wala hajalewa. Usimuulize kwa nini amewafanyia hivi. Muulize siku ile ya wiki ya sita ilianzaje: usiku wake alilala, aliamka saa ngapi, alipita wapi, alikutana na nani, mfukoni alikuwa na pesa, nyumbani kulitokea nini jana yake. Msikilize bila kumkatiza, hata akikaa kimya dakika tano. Andika anayokwambia, na mje nayo kliniki, kwa sababu nitayahitaji kuliko kipimo chochote cha damu.